Magazini Ndefu, Bastola Fupi

Mzee Joakim Ndaki alifika kituoni saa tatu kamili asubuhi, kama alivyoitwa. Inspekta Generoza Malimi alimwona kupitia dirishani kabla hajabisha hodi: amesimama barazani, anafuta viatu kwenye tambara la mlangoni, kushoto mara tatu, kulia mara tatu. Mwaka wa kumi na tatu huu tangu astaafu upolisi, na bado hakutaka kuingiza vumbi la Bariadi kwenye ofisi ya serikali. Generoza alitabasamu peke yake, kisha akakumbuka kwa nini amemwita, na tabasamu likamwishia mdomoni.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Pita uketi."

"Nimekuja kuandika maelezo. Watu wa mjini wameshaandika yao juu yangu, sasa na mimi niandike yangu."

Alisema kwa upole, lakini alikuwa amekonda. Suruali yake ya kaki, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama wima, ilishikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya juzijuzi. Generoza alilitazama lile tundu akasikia vibaya.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Alhamisi, mchana, Gharib Jabiri mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikutwa amekufa kwenye stoo yake. Risasi moja ya kifua. Bastola yake mpya, yenye leseni, ilikuwa sakafuni karibu na mguu wake. Konstebo Winnie, aliyefika wa kwanza, aliandika kile ambacho mtu yeyote angekiandika: marehemu alikuwa akiichezea silaha yake, ikafyatuka. Mjane wake, Asumini, hakupinga hilo. Alichosema yeye ni kwamba ile bastola ndogo haikuchaguliwa na mumewe, ilichaguliwa na Mzee Joakim. Aliandika barua ya kurasa mbili, na mkuu wa Generoza akapiga mstari mwekundu chini ya maneno "alimshauri vibaya." Jalada lifungwe Ijumaa, alisema, na huyo mzee afunguliwe shtaka la kufundisha watu silaha bila kibali. Leo ilikuwa Jumatano.

"Kabla ya maelezo," Generoza alisema, "nataka unisaidie jambo. Gharib alikuja kwako lini?"

"Mwezi wa tatu. Alikuja na Selestini wangu, walikuwa pamoja kama kawaida yao. Hao tangu darasa la kwanza hawajaachana. Waliporwa pamoja njia ya Lamadi, wakaomba leseni pamoja, wakapata pamoja. Wakaja kuniuliza wanunue ipi."

"Ukawapa zile za mti."

Mzee alicheka kidogo. "Unazikumbuka?"

Nani asingezikumbuka. Mzee Joakim alikuwa amechonga bastola mbili za mti, moja fupi, moja ndefu, akazitoboa ndani na kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kutoka betri za magari hadi uzito ukawa sawasawa na wa chuma. Mtu akienda kwake kuuliza anunue bastola gani, hamjibu. Anampa moja ya mti, anamwambia aichomeke kiunoni wiki nzima, aende nayo kazini, mnadani, kanisani, apande nayo pikipiki, ainame nayo kumfunga mtoto viatu. Wiki ya pili anampa nyingine. Wengi waliishia kukata shauri kwamba hawahitaji bastola kabisa, na mzee alikuwa akiwahesabu hao kuwa wanafunzi wake bora.

"Ile ndefu ilimsumbua Gharib," mzee alisema. "Ilimchoma kwenye nyonga kila akisujudu. Alinirudishia Ijumaa hiyohiyo, akasema, mzee, kitu chako kitanitoa kwenye dini. Na kiganja chake kilikuwa kidogo, na kazi yake ni kukaa nyuma ya kaunta kutazamana na watu. Hutaki wateja waone mpini. Nikamwambia, chukua fupi. Itaruka mkononi zaidi kuliko ndefu, na shabaha yake ya mbali si nzuri, lakini dukani huna shabaha ya mbali. Hivyo ndivyo nilivyomshauri. Kama nilikosea, niambie nilikosea wapi, kwa sababu usiku silali naitafuta hiyo sehemu."

"Na Selestini?"

"Selestini ana mkono wangu. Fupi ilimpotelea kiganjani, kidole cha mwisho kikabaki hakina pa kushika. Yeye anashinda shambani Kalemela, hana wa kumficha. Nikampa ndefu. Walikwenda Mwanza siku moja, wakanunua za kiwanda kimoja, risasi za aina moja, ila moja fupi na nyingine ndefu. Kwa nini unauliza ya Selestini?"

"Nauliza bastola zote za risasi hiyo wilayani," Generoza alisema, na hakuwa anadanganya. Ziko tatu. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Ya pili mwenyewe aliileta siku aliyoitwa. Wa tatu alikuwa Selestini Joakim, na kila alipoitwa hakuja: kwanza alikuwa anauguza ng'ombe, kisha gari likaharibika, kisha simu ikawa haipatikani. Jambo hilo Generoza alikuwa amelikalia siku tatu bila kumwambia hata Winnie.

Alifungua kabati, akatoa bahasha ya vielelezo. Mzee alivuta kiti akakizungusha hadi upande wa Generoza, karibu na dirisha, kwenye mwanga, akatandaza leso mezani. Akanyoosha mikono yake miwili juu ya leso, akasubiri. Na hapo Generoza akawa na miaka ishirini na tatu tena.

Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga, na ghala la silaha lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo na harufu ya mafuta ya bunduki. Yeye alikuwa binti wa wavuvi kutoka Nassa, konstebo mpya, mwembamba, na askari wenzake walikuwa wakimwambia achukue bastola ndogo ya kike. Sajini Joakim aliwasikia. Akamwita, akamwekea mezani bastola kubwa kuliko zote, nzito, ya kizamani. Akamwambia: ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kulenga, kubwa ni ngumu kubeba na rahisi kulenga, wewe kazi yako itakuwa kulenga. Kila Jumamosi alimpeleka uwanja wa shabaha chini ya kilima, na watu waliokuwa wakichuma pamba mashamba ya jirani waliacha kazi wakakaa kwenye viroba vyao kumtazama msichana anapiga. Alipopatia, walishangilia. Alipokosa, walicheka, na sajini akacheka nao, kisha akampa risasi nyingine. Miaka ile hakuna aliyewahi kumwambia Generoza kwamba kitu fulani kilikuwa kikubwa mno kwake. Alizipenda siku zile na alijua hazirudi.

"Nionyeshe," mzee alisema.

Generoza aliweka mezani bastola fupi, kisha magazini yake, na kando yake risasi kumi na sita katika mfuko wa nailoni na ganda moja lililotumika. Alama za vidole zilikuwa zimeshachukuliwa, na majibu ya maabara ya Dar es Salaam yangechukua mwezi.

"Winnie aliikuta hivi," alisema. "Magazini imo ndani ya bastola, ina risasi kumi na sita. Chemba tupu."

Mzee aliinua macho. "Rudia hapo."

"Chemba tupu."

"Na aliyeandika hivyo hakushtuka?"

"Hakushtuka. Mimi nilishtuka siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo."

"Ehe. Niambie umeshtukia nini." Sauti ilikuwa ya mwalimu, na wala hakujua kwamba ameitumia.

"Bastola ya aina hii ikifyatuka, inajilisha yenyewe," Generoza alisema. "Ganda linaruka nje, risasi inayofuata inapanda kutoka kwenye magazini. Gharib angejipiga na magazini ikiwa ndani, tungekuta risasi nyingine iko chemba, nyuma ya mtutu, inasubiri. Haikuwepo. Maana yake risasi ilitoka magazini ikiwa nje. Mtu alichomoa magazini, akasahau iliyobaki chemba, ikafyatuka. Magazini ilirudishwa baadaye."

"Na marehemu wa risasi ya kifua harudishi magazini."

"Harudishi."

"Basi stoo ile ilikuwa na mtu wa pili."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliingiza mkono mfuko wa shati akatoa kitita kidogo cha pamba, pamba ya shambani, ambayo alikuwa akitembea nayo siku zote kwa kufutia miwani. Generoza alimpa kijiti. Mzee aliifungua bastola vipande vitatu bila kutazama vidole vyake, akazungushia pamba kwenye kijiti, akaipitisha ndani ya mtutu taratibu, akaitoa, akaiinua dirishani.

Ilikuwa imeloa mafuta ya rangi ya chai. Masizi hakuna hata chembe.

"Haya ni mafuta ya kiwandani," alisema. "Gharib hata hakuwahi kuyafuta, mvivu yule. Mtutu huu haujapitisha risasi tangu utoke dukani." Aliiweka pamba juu ya leso. "Generoza. Siyo hii iliyomuua."

"Siyo hii."

"Siyo niliyomchagulia."

"Hapana, baba. Hukukosea."

Mzee akafunika uso kwa viganja. Generoza alimwacha. Nje Winnie alikuwa akimwelekeza mtu mahali pa kulipia faini ya pikipiki, na kwa dakika moja nzima hiyo ndiyo sauti pekee ofisini. Mzee alipotoa mikono usoni, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na akaomba samahani kwa vyote viwili. Alisema atakwenda mwenyewe kwa Asumini. Hatamlaumu, atakaa tu naye amwambie mumewe hakuwa mzembe. Alisema leo atakula ugali hadi mkanda ulegezwe.

Generoza angetoa mshahara wa mwezi ili siku iishie hapo.

"Bado magazini," alisema.

"Ina nini?"

"Nilidhani ni ndefu kwa bastola hii. Inatokeza chini ya mpini. Nikampigia muuzaji wa Mwanza, akasema wapo wateja wanaopenda hivyo: bastola fupi, wanaongeza magazini ndefu ya akiba, wanapata risasi mbili zaidi. Alisema huenda Gharib aliongeza na yeye, hakumbuki vizuri."

"Hakuongeza. Nilimkataza. Ukichomeka hiyo, umeshaharibu faida ya ufupi." Mzee aliichukua magazini. "Lakini ni kweli, ndefu inaingia kwenye fupi, ikatokeza. Fupi ndiyo haiingii kwenye ndefu, haifiki mahali pa kushika. Zinafanana tumbo, hazifanani urefu, kwa hiyo watu huzichanganya. Pale ghalani zilikuwa zikichanganywa kila siku, mpaka nikaanza kuzitia…"

Kidole gumba chake kilikuwa kimefika kwenye kitako cha magazini. Kilisimama.

Generoza alikuwa ameziona zile chale. Tatu ndogo, za tupa, ukingoni mwa kitako: moja kulia, mbili kushoto. Kwenye ripoti aliziandika "mikwaruzo." Kwao Nassa watu huweka alama kwenye nyavu na makasia, hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma sikio la ng'ombe. Lakini jana jioni, nje ya mji, lilimpita kundi la ng'ombe likirudi kutoka malishoni, akaona masikio yamechanjwa, kila boma na mchanjo wake, akarudi ofisini akatazama tena ule ukingo. Ng'ombe wa nani, hakujua. Alijua tu nani angejua.

Mzee aliigeuza magazini, akaigeuza tena, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na habari nyingine.

"Baba," Generoza alisema, "huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Ng'ombe wa baba yangu." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Moja kulia, mbili kushoto. Walichanjwa hivyo wote pale Shishiyu, na mimi nikawachanja wa kwangu hivyohivyo. Wale wawili walipotoka Mwanza nilizitia alama magazini zao ili wasizichanganye. Gharib hana ng'ombe, nikamuuliza nimtie nini, akasema nitie mwezi. Nikamtia mwezi. Selestini nikamtia ya nyumbani."

"Huna wajibu wa kuniambia zaidi ya hapo. Ni mwanao. Naweza kusubiri maabara."

"Umeniita ukijua?"

Generoza aliona aibu, na hakujaribu kuificha. "Nusu. Nusu nyingine nilitaka uniambie ni mikwaruzo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakumkasirikia, na hilo lilimuumiza zaidi. Akatoa simu yake ya vitufe, akaiweka juu ya leso kati ya vyuma, akafungua spika. Sheria ya upelelezi ilimtaka Generoza amzuie. Mshukiwa anayepigiwa simu na baba yake ana saa nzima ya kukimbilia ziwani. Hakumzuia.

Simu iliita mara tano.

"Selestini."

"Baba." Upepo, na mlio wa trekta kwa mbali. "Baba, uko wapi? Wameshakushika?"

"Niko kituoni, kwa Generoza. Njoo na bastola yako."

Trekta liliendelea kunguruma.

"Leo gari…"

"Njoo na pikipiki," mzee alisema, akakata.

Walisubiri. Winnie alileta chai na viazi vya kuchemsha. Mzee alikunywa chai, viazi hakugusa. Akaanza kusimulia, bila kuulizwa, jinsi wale wawili walivyokuwa utotoni: Gharib alikuja kwao Shishiyu kila likizo, mtoto wa mjini asiyejua kukamua, na Selestini akawa anamkamulia ili bibi asimcheke. Walikuwa na fimbo moja ya kuchungia, wakipokezana. Alipooa Gharib, Selestini alivaa kanzu siku nzima, imemfika magotini. Mzee alisimulia hayo akiwa anatazama barabara, na Generoza akasikiliza bila kuandika. Saa saba ikapita. Saa nane kasoro, alianza kufikiri atakachomwambia mkuu wake: kwamba alimwachia mshukiwa nafasi ya kukimbia.

Pikipiki iliingia saa nane na robo.

Selestini alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Mtu mzima wa miaka arobaini, mabega mapana, mikono ya baba yake. Alisimama mlangoni akatazama meza, bastola, magazini, kitita cha pamba, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Weka mezani."

Alichomoa bastola ndefu polepole, mtutu chini, akaiweka. Shimo la magazini lilikuwa wazi. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa magazini fupi, akaiweka kando. Ilikuwa imejaa, na kwenye kitako chake kulikuwa na mwezi mdogo.

"Haikuingia," Selestini alisema. "Nilifika nyumbani nikajaribu, haikuingia. Ndipo nikajua nimechukua siyo."

"Selestini Joakim," Generoza alisema, "si lazima useme chochote sasa hivi. Utakachosema kitaandikwa."

"Nimekuja kusema. Tulikuwa tunabishana, Inspekta. Ubishi wetu wa kila siku, ipi ni bora, yake au yangu. Tuliziweka mezani, tukatoa magazini zote mbili, tukazilinganisha. Akasema yangu ni ya kutishia kunguru. Nikainyanyua nimwonyeshe inavyokaa mkononi. Nilishatoa magazini. Nilidhani iko tupu."

"Chemba ulitazama?" baba yake aliuliza.

"Hapana."

"Nilikufundisha nini kuhusu chemba?"

"Ulinifundisha nitazame, kisha nitie kidole, kisha nitazame tena."

"Ehe."

"Alikufa palepale, baba. Nilimwita, hakuitika. Nikaogopa. Nikashika magazini iliyokuwa karibu nikaisukuma kwenye ya kwake, nyingine nikatia mfukoni, nikatokea mlango wa nyuma. Sikupanga. Sikutazama hata nashika ipi."

Generoza alimwamini. Miaka yote ya kazi alikuwa amewasikia waongo wa kila namna, na huyu hakuwa mmoja wao, si leo.

Mzee Joakim alikuwa bado hajamaliza. "Barua ya Asumini," alisema. "Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Inayosema mimi ndiye niliyemuua Gharib kwa ushauri wangu."

"Ndiyo, baba."

"Lini?"

Selestini alitazama viatu vyake. "Siku ya tatu baada ya msiba."

"Ulikuja nyumbani Jumapili ile. Ukanikuta sili. Ukaniambia, baba, kula, ni kazi ya Mungu."

Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la mashavu ya Selestini, na hakuyafuta. Ile risasi mzee angeweza kumsamehe. Generoza aliliona hilo waziwazi usoni mwake. Siku hizi kumi na moja za ukimya wa mwanawe ndizo hakujua azifanye nini.

Generoza alimwita Winnie kwa macho, Winnie akasogea mlangoni. Generoza akakunja ile leso ya mzee, akamrudishia. "Baba, kwako tumemaliza. Barua ya Asumini naijibu mimi mwenyewe leo. Hakuna shtaka. Winnie atakutafutia usafiri, nenda nyumbani ukapumzike. Haya yaliyobaki si lazima uyasikie."

Mzee alisimama. Alivaa miwani, akaivua, akaitia mfukoni. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, na Selestini akajikaza kama mtu anayesubiri kupigwa.

Kisha mzee akashika kiti chake, akakiinua, akazunguka nacho meza, akakiweka kando ya kiti cha wahojiwa, akaketi. Kwa mkono akamvuta Selestini naye akae.

"Andika," alimwambia Generoza. "Na wewe sema polepole, asikose neno."